Maua ya Kahawa Ndiyo Yaliyoniponza

Alhamisi, 1 Oktoba 1953. Kanoni.

Naanza daftari hili kwa kuwa nyumbani hakuna mtu wa kumweleza mambo yangu. Mke wangu Kokuhirwa amerudi kwao Bugene. Leo siku ya tano. Mvua imeanza. Nimekula ndizi za jana, za baridi, bila chumvi. Sijui chumvi huwa anaiweka wapi.

Kisa chenyewe kidogo kabisa! Alikuwa na kibuyu cha mbegu za njugu mawe alichopewa na bibi yake, marehemu Kokushubira, siku ya kuolewa. Kila mwaka anazipanda kule juu rweya, kwenye uwanda wa nyasi ambako wanawake wote wana vijishamba vyao. Anavuna, anachagua zile nyekundu zenye jicho jeusi, anazirudisha kibuyuni. Miaka sita. Basi jirani yangu Yustus alikuwa na gramafoni aliyokuja nayo kutoka Uganda. Nikampa kibuyu, akanipa gramafoni. Nilikuwa natazama mbali: harusi zote za Kanoni zitaniita! Gramafoni haina mkono wa kuzungushia, lakini hilo linatengenezeka.

Kokuhirwa hakupiga kelele. Alitazama pale kibuyu kilipokuwa kinaning'inia, akafunga nguo zake, akaenda misa. Baada ya misa hakurudi.

Jana baba yake, Mzee Kashaija, ametuma ujumbe. Niende Jumapili. Niingie ndani, nikae mbele yao wazazi na mbele ya Kokuhirwa mwenyewe, niseme kwa kinywa changu kwamba nimekosa. Nikishasema, naondoka na mke wangu jioni ile ile. Hataki mbuzi, hataki faini. Anataka neno tu.

Rahisi kwa mtu mwingine. Mimi nina ugonjwa. Kila mwaka mvua za vuli zikianza na kahawa ikichanua, ninaanza chafya. Si moja, si mbili. Macho yanawasha, yanavimba, yanatoa maji. Na kwa wakwe ndiko hasa kunakozidi. Mara ya mwisho nilipokwenda kwao wakati wa maua, Mzee aliniuliza kama kwetu Muleba tuna ukoo wa kifua kikuu. Mtu ataombaje radhi namna hiyo? Ni lazima nipate dawa.

Naandika hapa kwa kuwa hakuna atakayesoma: nyumba ikiwa kimya hivi naiogopa. Ingawa Kokuhirwa ana kasoro zake. Kubwa ni uvivu wa kutandika nyasi. Nyumba zote za heshima huku zina nyasi mbichi sakafuni, zinanukia mtu akiingia. Yangu ina udongo mtupu uliofagiliwa. Nimemsema miaka sita. Huwa anainama tu, anaendelea kufagia.

Jumamosi, 3 Oktoba.

Kayanga, dukani kwa Desderius. Huyu ni mtu wa kwetu Muleba. Anauza mafuta ya taa, sabuni, majembe, na ana rafu moja ya dawa ambayo yeye mwenyewe anaiogopa, maana hajui Kiingereza. Mimi najua. Nilifika darasa la sita misheni, na niliwahi kuwa karani msaidizi wa mizani ya kahawa, msimu mmoja.

Nikamweleza ugonjwa. Akateremsha kichupa cha vidonge vyeupe, akaniomba nimsomee karatasi yake. Nikasoma: dawa ya homa ya nyasi. Nilicheka mpaka nikashika meza. Homa ya nyasi! Ni ugonjwa wa Wazungu wanaolisha farasi. Nikamwambia sina farasi, sina hata mbuzi, ugonjwa wangu ni wa maua ya kahawa. Desderius akaomba radhi, akakirudisha kichupa, akanipa kikopo cha mafuta ya kupaka puani. Yananukia kwa nguvu ajabu. Na kifuniko kina picha ya ua. Sasa hiyo ndiyo dawa!

Nimemwachia jogoo. Jogoo ni wa Kokuhirwa, lakini dawa si ni kwa ajili yake?

Jumapili, 4 Oktoba.

Sitaki kuandika. Nitaandika.

Nilitoka alfajiri, mtungi wa pombe ya rubisi kichwani, mafuta yamejaa puani. Nimepita vibanja vya kahawa vilivyochanua vyeupe pande zote mbili za njia. Sikupiga chafya hata moja! Nikajua dawa imeshika. Nilipokata uwanda wa rweya zikaja tatu, lakini ni upepo tu, ulikuwa unaleta harufu ya kahawa kutoka mbali.

Kwa wakwe nimepokewa vizuri mno. Mama mkwe, Mama Placidia, alikuwa ametoka kutandika nyasi mpya kwa heshima yangu. Kaenda mwenyewe mlimani kuzikata asubuhi, na masuke yake juu. Zilifika kwenye vifundo vya miguu! Nikapewa kiti. Nikakataa. Huo ulikuwa mpango wangu: nimekaa chini kabisa, kwenye nyasi, ili unyenyekevu wangu uonekane. Nikapewa kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo. Kokuhirwa alikaa karibu na mlango wa jikoni, mikono mapajani. Amekonda kidogo. Nilitaka kumwambia. Chafya.

Nikapiga kumi na moja mfululizo. Nikajifuta uso, kumbe vidole vina yale mafuta. Macho! Nilidhani yameng'oka. Machozi yakaanza kutiririka mpaka kwenye shati, na hapo likatokea jambo ambalo sikulitegemea. Mama Placidia naye akaanza kulia. Akamwambia mzee wake kwamba hajawahi kuona mwanamume anajuta hivi. Mzee Kashaija akakohoa, akainua macho kwenye paa. Hata yeye!

Kokuhirwa peke yake hakulia. Akasema kwa sauti ya chini kwamba machozi ameyaona, sasa anasubiri neno. Nikaanza. Nikafika kwenye "nime", nikapiga chafya nyingine saba. Nikaanza tena. Mzee akainua mkono, akasema mtu aombe radhi akiwa mzima, nirudi Jumapili ijayo. Mama Placidia ameahidi kunikatia nyasi nyingi zaidi, nikae vizuri.

Nimerudi peke yangu na mtungi mtupu. Mvua imeninyeshea tangu Bugene hadi hapa.

Jumanne, 6 Oktoba.

Yustus amekuja asubuhi na kile kibuyu kwapani. Anasema mke wake hajapanda bado, anasubiri mvua ikolee, na kwamba tangu Kokuhirwa aondoke mke wake hataki hata kukitazama. Akaniomba tubadilishane tena. Nimrudishie gramafoni, anirudishie kibuyu, yaishe.

Nilimwona mapema! Huyu amesikia thamani ya gramafoni mahali. Nikamwambia biashara ni biashara, mwanamume hali matapishi yake. Akakihamishia kibuyu kwapa la pili. Akasema atasubiri mpaka Jumatatu. Nikamwambia asubiri mpaka Kwaresima.

Mchana nikajaribu kuizungusha gramafoni kwa mpini wa kijiko. Iliimba maneno mawili, sauti ikazama, ikanyamaza. Nikakaa karibu nayo. Nilifikiri kidogo habari za kile kibuyu, halafu nikaacha.

Jumatano, 7 Oktoba.

Leo nimefanya uchunguzi wa kisomi. Dawa ya mafuta haifai, hilo liko wazi, lakini ni lazima nimjue adui. Nikachukua kigoda, nikakaa chini ya mkahawa wangu mkubwa wenye maua mengi kuliko yote. Bila mafuta, bila kitambaa. Nikainua uso. Nikavuta pumzi. Nikavuta tena. Nimekaa tangu baada ya chakula hadi ng'ombe wa jirani walipokuwa wanarudi.

Hakuna chafya. Hakuna hata muwasho.

Nimewaza jambo hili kwa makini na nimefikia uamuzi: ugonjwa huu una hila. Ukijua unachunguzwa, unajificha.

Nyumbani nimekuta panya wamekula maharage. Kokuhirwa alikuwa anayafunika na kitu. Sikumbuki kitu gani.

Jumamosi, 10 Oktoba.

Nimerudi kwa Desderius. Nikamwambia mafuta yake yamenipofusha mbele ya wakwe. Akasema hana dawa nyingine ila vile vidonge vya homa ya nyasi. Nikafikiri. Mzungu akitengeneza dawa ya pua ya mgonjwa wa farasi, pua si ni pua? Nikavichukua. Nimemwachia mkeka, ule wa rangi mbili aliosuka Kokuhirwa tangu Kwaresima hadi Pentekoste. Desderius aliugeuza geuza, akauliza kama nina hakika. Hajazoea kushughulika na watu wenye msimamo.

Karatasi inasema kidonge kimoja, na mgonjwa asinywe kileo. Hayo ni maandishi ya kuwaonya Wazungu na vinywaji vyao vikali. Rubisi ni ndizi na mtama, mimi nimeinywa tangu sijaota meno. Na mkwe akikupa kibuyu cha rubisi hukikatai. Kuhusu idadi: Mzungu kidonge kimoja, lakini Mzungu hana maua ya kahawa ya Karagwe. Kesho nameza vinne.

Jumapili, 11 Oktoba.

Ushindi! Halafu maafa.

Nimeingia kwa wakwe nimekauka kama tofali. Nyasi safari hii zilikuwa hadi karibu na magoti, Mama Placidia alikuwa ametimiza ahadi yake, chumba kizima kinanukia mlima. Nikakaa chini. Nikasubiri. Kimya! Pua imelala. Nikamtazama Kokuhirwa, nikatabasamu. Naye, nadhani, kidogo, kwa upande mmoja wa mdomo.

Lakini Mama Placidia alikuwa ananichunguza macho, na nikaona uso wake unabadilika. Akamnong'oneza mzee kwamba wiki iliyopita mkwe alilia, leo macho yake makavu, majuto yamekwisha hata kabla ya radhi. Mzee akasema tumpe kinywaji kwanza. Nikapewa kibuyu cha rubisi. Nikamaliza, nikapewa kingine. Mzee akaanza kuzungumza. Alizungumza taratibu, habari za ndoa, habari za marehemu Kokushubira aliyezibeba zile mbegu begani kutoka kwao akiwa msichana, kwenye mwaka wa njaa, akala mizizi porini na asiziguse. Sikuwa nalijua hilo. Nilikuwa nataka kusema kwamba sikulijua.

Hapo ndipo ninapoishia kukumbuka.

Nilipoamka jua lilikuwa limehama upande. Shavu langu lina alama za nyasi. Nimefunikwa khanga, ya Kokuhirwa, ile ya njano. Nimeambiwa nililala katikati ya neno la mzee, nikakoroma, na usingizini nikasema kwa sauti kubwa kwamba watu wote wapange foleni kusikiliza gramafoni. Mzee Kashaija ametoka akaenda kukatia migomba yake. Hakuniaga.

Mama Placidia ndiye aliyeniambia. Kokuhirwa ana dada yake Bukoba, Evangelina, mshonaji, ameomba msaidizi. Jumamosi ijayo lori la kahawa linaondoka Kayanga. Kama mpaka siku hiyo sijasema neno, Kokuhirwa anapanda.

Nimetembea kurudi nyumbani huku nikijigonga kwenye miti. Kwa nini nimeandika ushindi hapo juu? Nitauacha. Wino ni ghali.

Jumanne, 13 Oktoba.

Mke wa Yustus amepanda jana. Nimemwona akipita na jembe na kile kibuyu. Hakunisalimu.

Yustus amekuja jioni, bila kibuyu. Akasema alinisubiri mpaka Jumatatu kama alivyosema. Akaniuliza kwa nini nisiende Bugene sasa hivi, usiku huu, nisimame uani, niseme, nirudi. Anaongea kama mtu ambaye hajawahi kuugua. Nikamweleza habari za maua, na kwamba nahitaji siku kadhaa za kurekebisha kipimo: vidonge viwili badala ya vinne, na kahawa ya kutafuna nyingi ili nisilale. Akanitazama. Akasema chini ya mkahawa wangu hapa tumesimama wakati wote huu na sijapiga chafya.

Huyu tangu zamani ananionea wivu.

Nimejaribu kipimo kipya. Vidonge viwili na kahawa konzi mbili. Matokeo: nimelala nimekaa, macho wazi, moyo unakimbia. Si mbaya. Jumamosi asubuhi nitakuwa tayari.

Alhamisi, 15 Oktoba.

Kokuhirwa alikuja leo.

Nilikuwa uani chini ya mkahawa, napiga hesabu ya vidonge. Nikainua kichwa, yuko pale, peke yake, ametembea asubuhi nzima kutoka Bugene. Alikuja kuchukua nguo zake zilizobaki, mkeka, na jogoo. Nikamwambia nguo zipo. Akauliza mkeka. Nikamwambia uko kwa Desderius kwa muda. Akauliza jogoo. Nikamwambia naye yuko kwa Desderius. Akacheka. Ilikuwa muda mrefu sijamsikia akicheka, nami nikacheka, halafu nikaona kwamba yeye hakuwa anacheka vizuri.

Aliingia ndani, nikamsikia anafagia. Panya, maganda, kila kitu alichokikuta. Alifagia chumba chote kabla ya kufunga nguo zake. Chumvi, kumbe, ilikuwa kwenye kopo nyuma ya mlango. Aliniwekea karibu na mafiga.

Kisha akatoka, akaweka mzigo chini, akasimama mbele yangu. Akasema sasa tuko wawili tu. Baba hayupo, mama hayupo, nami niko mzima, pua yangu kavu. Niseme. Akasema hata mbegu ameshakubali zimekwenda, hazirudi. Anataka tu asikie kwamba mtu aliyezichukua anajua alichochukua.

Nilifungua mdomo. Pua ilikuwa kavu kweli. Kifua kimefunguka. Maua yalikuwa juu ya kichwa changu na hayakunifanya lolote. Neno lilikuwa kwenye ulimi, nilikuwa nalisikia uzito wake.

Nikamwambia gramafoni ikishapata mkono atabadili mawazo.

Akautazama mzigo wake. Nikaona nimeanza vibaya, nikamweleza ugonjwa wangu, jinsi maua ya kahawa yalivyoniharibia Jumapili mbili, na kipimo kipya. Akaniacha nimalize. Halafu akasema si maua. Ni nyasi. Alisema amelijua tangu wiki ya harusi, nilipokaa siku saba kwenye nyasi mpya za nyumba yetu nikapiga chafya usiku na mchana, na siku ya nane akazitoa zote nikalala. Ndiyo maana hajatandika tena. Wanawake wa Kanoni wamemcheka miaka sita, mama yake mwenyewe alipokuja kututembelea aliona haya akasema hakumlea hivyo, nami nikamwita mvivu mbele ya wageni. Alinyamaza, akasema, kwa sababu nilikuwa nalala vizuri.

Nikamwuliza kwa nini basi hakumwambia mama yake asitandike. Akasema alimwambia, Jumapili zote mbili. Mama Placidia akajibu kwamba hata siku moja mkwe wake hatakalishwa kwenye udongo.

Nilimjibu kwamba magonjwa na madawa ni mambo ya watu waliosoma.

Akabeba mzigo kichwani. Jembe lake hakulichukua. Aliliegemeza ukutani, upande wa ndani, mahali mvua haifiki, akasema analiacha hapo. Nadhani lilikuwa zito mno pamoja na zile nguo.

Nimemsindikiza kwa macho mpaka kwenye migomba ya Yustus. Tangu mchana kuna kitu kimenikaa kifuani, hakipandi hakishuki. Ni yale maua, nilikaa chini yake muda mrefu mno.

Jumamosi, 17 Oktoba.

Nilifika Kayanga mapema. Vidonge viwili, kahawa konzi mbili, kama nilivyopanga. Sikulala. Sikupiga chafya. Mimi nimeandaa hotuba tangu jana, ina sehemu tatu, na lile neno liko mwishoni.

Lori lilikuwa limejaa magunia. Kokuhirwa alikuwa ameketi juu yake pamoja na wanawake wengine wawili, amejifunga khanga ya njano kichwani. Mzee Kashaija alikuwa chini, ameshika fimbo. Nikampa shikamoo. Akaitikia. Akasogea pembeni, mbali kabisa, akageukia upande wa duka, na nikajua ananipisha nipite.

Nikasogea hadi kwenye tairi. Kokuhirwa akainama kutoka juu ya magunia ili asikie. Wale wanawake wengine wakanyamaza. Hata dereva alikuwa bado hajawasha injini, alikuwa anaongea na mtu.

Nikamwambia anisalimie Evangelina.

Alikaa vile vile ameinama, kidogo. Kisha akasema atamsalimia, akaketi sawasawa. Injini ikawaka. Lori likapinda kwenye miti, vumbi likatulia, na Mzee Kashaija akapita karibu yangu akienda nyumbani kwake. Alinigusa bega. Laiti angenitukana.

Jumapili, 18 Oktoba.

Habari njema! Baada ya misa Mama Placidia amenikuta nje ya kanisa. Kokuhirwa atarudi Krismasi kuwatembelea wazazi. Ameacha maneno: atapita Kanoni siku moja, kama jembe lake bado liko ukutani na mimi nina la kusema.

Basi nimekaa nikawaza, na nimeona kosa lilikuwa wapi. Kosa lilikuwa kwenda kwao. Ugenini mtu hujikwaa. Safari hii atanikuta nyumbani kwangu, na nyumba yenyewe itasema kabla yangu. Nimetandika nyasi! Nimekwenda mwenyewe rweya mchana huu, nimekata mizigo mitatu, na masuke yake, kama za Mama Placidia. Nimetandaza chumba chote hadi chini ya kitanda, na chini ya gramafoni. Zinafika kwenye magoti. Nitakuwa nazibadilisha kila Jumapili mpaka Krismasi ili mkono uzoee. Akiingia ataona jinsi nyumba ya heshima inavyokuwa, na nina hakika hata hataniuliza maneno.

Chafya thelathini na moja tangu niingie. Macho yamefumbana kabisa, naandika kwa kukisia mistari. Maua ya kahawa yote yaliangushwa na mvua ya juzi, hayapo, kwa hiyo leo nimegundua jambo ambalo hata waliosoma hawalijui: maua ya migomba ni mabaya zaidi. Na migomba inachanua mwaka mzima!

Kwa bahati Desderius amepata dawa mpya. Chupa kubwa, nyekundu, haina maandishi kabisa, kwa hiyo hakuna atakayeniambia habari za nyasi. Nilipitia kwake nikitoka kanisani, nikamwahidi jembe la Kokuhirwa, na jioni hii amemtuma mtu akalichukua. Mwenyewe hatalihitaji, maana mbegu hana.